Waliobaki Chini ya Mnara

Jioni moja ya mwezi wa Agosti, vijana wa kipaimara wa usharika wetu hapa Shinyanga waliniomba tuangalie pamoja filamu. Mmoja wao alikuwa ameingiziwa kwenye flashi katika kibanda kimoja karibu na stendi. Nilikubali kwa sababu moja. Kwa miezi kadhaa wazazi walikuwa wakinifuata baada ya ibada kulalamika kwamba watoto wanakesha kwenye simu wakitazama katuni za Kijapani, zile ambazo vijana wenyewe wanaziita anime, na walitaka nizikemee madhabahuni. Mimi sipendi kukemea kitu nisichokitazama.

Basi tukatundika shuka jeupe ukutani, tukaazima projekta, tukapanga mabenchi. Wahusika walizungumza Kijapani na maandishi ya Kiingereza yalipita chini ya picha. Mwinjilisti wetu, ambaye ujana wake aliumalizia kwenye mabanda ya video, akasimama pembeni akatutafsiria kwa sauti kwa mtindo wa Lufufu, akiongeza chumvi yake hapa na pale. Wazee wawili wa kanisa walikuja kuhakikisha hatuonyeshi mambo ya aibu. Nao wakakaa hadi mwisho.

Filamu hiyo inaitwa Metropolis. Ilitoka nchini Japani mwaka 2001. Mwongozaji wake anajulikana kwa jina la Rintaro, na aliyeandika mchezo ni Katsuhiro Otomo, yule aliyeongoza filamu ya Akira mwaka 1988. Msingi wake ni kitabu cha katuni alichochora Osamu Tezuka mwaka 1949, nchi yake ilipokuwa bado inajiinua kutoka kwenye majivu ya vita. Tezuka alisomea udaktari wa tiba, lakini Wajapani wanamheshimu kama baba wa katuni zao.

Hadithi ni hii. Katika jiji kubwa la wakati ujao, tajiri mmoja aitwaye Duke Red amejenga mnara unaozidi majengo yote, uitwao Ziggurat. Watu wanacheza barabarani siku ya kuuzindua. Hawajui kwamba ndani yake imefichwa silaha, na kwamba kuna kiti cha enzi kinachosubiri mtu wa kukikalia. Kwa siri, Duke Red amemwajiri Daktari Laughton amtengenezee roboti mwenye sura ya binti yake aliyefariki. Roboti huyo anaitwa Tima. Lakini Rock, kijana ambaye Duke Red amemlea kama mwanawe, hataki kiti anachoamini ni cha baba yake kikaliwe na mashine. Anampiga daktari risasi na kuiteketeza maabara. Kenichi, mvulana aliyefika jijini pamoja na mjomba wake mpelelezi, Shunsaku Ban, anakutana na Tima katika moto huo, na wote wawili wanaangukia chini ya jiji.

Huko chini ndiko filamu inakoanza kutuhusu sisi. Jiji hilo lina ghorofa zinazoelekea ardhini. Katika tabaka la kwanza wanaishi maskini ambao kazi zao zimechukuliwa na roboti. La pili lina mitambo ya umeme, na la tatu linapitisha maji machafu. Walio juu wanapata mwanga, na walio chini ndio wanaoubeba mzigo wake. Mwishoni Tima anagundua kwamba yeye si binadamu, anakikalia kile kiti, na nusura dunia iangamizwe. Mnara unalipuliwa na kuporomoka, na jiji linaporomoka nao.

Nianze na sifa zake, kwa kuwa haki inataka hivyo. Katika maisha yangu ya kutazama filamu, ambayo si mengi, sijaona picha zilizochorwa kwa bidii namna hii. Watu wamechorwa kwa mkono, wana nyuso za mviringo kama alivyopenda Tezuka, hata unadhani ni filamu ya watoto wadogo. Nyuma yao majengo yametengenezwa kwa kompyuta, marefu, yenye mataa, yakiwa na vyuma na magurudumu yanayozunguka. Kila kona ya picha ina mtu anayefanya jambo lake: muuzaji, mlevi, mfagiaji, mtoto anayekimbia. Wazee wetu wawili, waliokuja kama askari, walinyamaza kimya. Na pale mnara unapoanguka, hakuna kelele za milipuko tulizozizoea. Sauti zinazimwa, na unasikika wimbo wa mapenzi ulioimbwa na Ray Charles, wa taratibu, huku vioo na nguzo vikimwagika kama mvua. Watoto walipiga makofi, na mimi nilipiga pamoja nao.

Lakini taa zilipowashwa, kijana mmoja hakuwa amepiga makofi. Baba yake yuko machimboni upande wa Geita, na huja nyumbani mara chache kwa mwaka. Aliniuliza, "Baba Mchungaji, hivi wale wa chini walitoka?"

Sikuwa na jibu. Nilijaribu kukumbuka picha za mwisho. Nilimkumbuka Kenichi akiwa kati ya kifusi, na vipande vya Tima. Nilikumbuka jua likichomoza. Yaliyowapata watu wa lile tabaka la kwanza, filamu haikuyaeleza. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba mpaka kijana yule alipouliza, mimi mchungaji sikuwa nimegundua kwamba hayakuelezwa.

Tangu usiku ule nimeitazama tena mara mbili, nikitafuta kasoro iko wapi. Wengi wanaojua filamu watasema kasoro ni kwamba hadithi yake imechakaa. Ni kweli. Tajiri mwenye kiburi, mnara unaofika mbinguni, mashine inayotaka kuwa mtu, mvulana mwenye moyo safi, silaha inayomgeukia mwenyewe: hayo yote tumeyaona mara nyingi. Hata jina si jipya, kwa maana kulikuwa na filamu ya Kijerumani yenye jina hilohilo mwaka 1927, nayo ilikuwa na jiji la juu na wafanyakazi wa chini. Nusu saa ya kwanza ikiisha, mtazamaji yeyote anajua kwamba mnara utaanguka.

Hata hivyo, mimi siwezi kuihukumu hadithi kwa kosa la kuwa ya zamani. Mhubiri anayesimulia habari za mwana mpotevu kila mwaka angekuwa wa kwanza kuhukumiwa. Na sisi tuliokulia Usukumani tulilelewa kwa hadithi moja iliyosimuliwa jikoni usiku hata usiku, ya Masala Kulangwa na lile zimwi Shing'weng'we. Zimwi lilimeza watu wote wa nchi pamoja na mifugo yao, akabaki mama mmoja mjamzito. Mtoto aliyezaliwa akakua, akauliza watu wote wako wapi, akalitafuta zimwi na kuliua. Kila mtoto alijua mwisho wake, na bado kila mtoto alitaka isimuliwe tena.

Kwa nini hatukuichoka? Nadhani ni kwa sababu hadithi ile haiishi zimwi linapokufa. Zimwi likishakufa, kijana analipasua tumbo, na watu wanatoka: baba yake, ndugu zake, majirani, ng'ombe. Bibi zetu walipunguza mwendo hapo. Katika masimulizi mengine, kisu kinamkata bibi mmoja sikio akiwa bado ndani, naye anatoka akiwa na hasira, anamgombeza huyo aliyemwokoa, na shujaa inambidi atafute dawa ya kumponya. Tulicheka sana tulipofika hapo. Sasa nikiwa mtu mzima naona kwamba yule bibi ndiye kipimo cha hadithi nzima. Msimuliaji aliwajali waliomezwa kiasi cha kujua hata sikio la nani liliumia.

Kwa kipimo hicho Metropolis inapungua. Imetupeleka hadi ndani ya tumbo, ikatuonyesha waliomezwa, halafu ikatoka bila wao. Maskini wa tabaka la kwanza wanafanya uasi wakiongozwa na kijana aitwaye Atlas, na uasi unazimwa kwa risasi. Kuna picha ya theluji ikianguka juu ya mtaa baada ya mauaji. Ni picha nzuri sana, na hapo ndipo penye tatizo. Tunaambiwa tuitazame theluji. Hatujui jina la hata mmoja wa waliolala chini yake. Wachoraji walitumia jasho jingi kuchora kila kioo cha mnara kinavyovunjika, lakini watu waliokuwa chini ya mnara walibaki kuwa pambo la nyuma.

Mtu anaweza kuniambia, "Mchungaji, hiyo ni katuni tu." Ningekubali kama ningekuwa ninaishi mahali pengine. Mkoa wetu na jirani zetu wa Geita tunaishi juu ya watu. Almasi ya Mwadui imechimbwa tangu mwaka 1940. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2000, na una mitambo ambayo gurudumu lake moja linampita mtu mrefu. Pembeni yake, na huku Kahama, na vijijini kote, kuna maduara ya wachimbaji wadogo. Kijana anateremka kwa kamba, akiwa na tochi kichwani, kwenye shimo lililoshikiliwa na matimba ya miti. Anayekaa juu anasikia karasha zikisaga mawe na anahesabu mifuko. Anayefanya kazi chini anahesabu saa za kutoka.

Mnakumbuka mwaka 2015, shimo la Nyangalata huko Kahama lilipotitia. Watu walikuwa wameshakata tamaa, na siku zikapita. Siku ya 41 wachimbaji watano wakatolewa wakiwa hai. Walikuwa wamekula mende, vyura na mizizi, na kunywa maji yaliyodondoka kwenye miamba. Habari hizo zilizunguka dunia nzima kwa siku chache, kisha dunia ikageukia mambo mengine. Lakini kwa familia zile, swali la kijana wetu ndilo swali pekee lililokuwepo kwa siku 41: je, walitoka?

Biblia inawafahamu watu hawa. Soma kitabu cha Ayubu, sura ya 28. Mwandishi anamweleza mchimbaji kana kwamba amewahi kusimama mdomoni pa duara: jinsi anavyopeleka mwanga gizani, anavyoning'inia mbali na makao ya watu, anavyopasua mwamba na kuona kila kitu cha thamani. Halafu anauliza kama hekima nayo inachimbwa huko. Sijui kitabu kingine cha zamani kilichomtazama mchimbaji kwa macho ya heshima namna ile kabla ya kuhubiri juu yake.

Na kuhusu mnara, nina jambo la kuungama. Waliotengeneza filamu walijua wanachofanya walipouita Ziggurat, kwa kuwa ndivyo ilivyoitwa minara ya ibada ya watu wa Babeli, na kundi la Rock wakaliita Marduk, jina la mungu wa Babeli. Wanataka tukumbuke Mwanzo sura ya 11. Mimi mwenyewe nimehubiri sura hiyo zaidi ya mara kumi, na kila mara nimeuangusha mnara kwa mkono wangu mimbarini, na washarika wakaitika amina. Baada ya filamu hii nilirudi kuisoma upya. Ndugu zangu, mnara wa Babeli hauanguki. Andiko halisemi hivyo. Mungu anashuka, anachanganya lugha yao, nao wanatawanyika na kuacha kujenga. Hakuna tofali hata moja linalomwangukia mfyatua matofali. Hukumu ya Mungu inasimamisha kazi na kuwaacha watu hai. Sisi wahubiri, kama watengenezaji wa filamu, ndio tuliopenda kishindo.

Tulipokuwa Chuo cha Makumira tulisoma mjadala wa Heidelberg wa mwaka 1518, ambapo Martin Luther alitofautisha teolojia ya utukufu na teolojia ya msalaba. Wakati ule nilikariri ili nifaulu mtihani. Teolojia ya utukufu humtafuta Mungu katika kile kinachong'aa, kinachoshinda na kinachopanda. Teolojia ya msalaba humtafuta pale alipokubali kuonekana, katika udhaifu na mateso, na haikipambi kibaya ili kionekane kizuri. Sasa naona kwamba mtu anaweza kuulaani mnara na bado akawa mtu wa utukufu, kama macho yake hayatoki kwenye mnara. Filamu hii inamlaani Duke Red kwa maneno, lakini kwa macho inamwabudu. Inaupenda mnara ukisimama, na inaupenda zaidi ukianguka. Na sisi tunaohubiri injili ya mafanikio kwa watu wa machimbo, tukiwaahidi dhahabu wakitoa sadaka nono, tusicheke. Tuna Ziggurat zetu.

Kuna sehemu moja, hata hivyo, ambapo filamu inasahau kujionyesha na inakuwa kweli kazi kubwa. Mpelelezi Shunsaku Ban anapewa roboti wa polisi wa kumsaidia. Roboti huyo ana namba ndefu badala ya jina. Mzee anataka kumpa jina, anaambiwa sheria hairuhusu roboti kupewa jina la mtu. Basi anamwita Pero, jina la mbwa aliyekuwa naye zamani. Kuanzia hapo tunamjua Pero, na anapouawa akijaribu kuwazuia waasi wasimwage damu, tunahuzunika. Hana uso wa kupendeza wala hajachorwa kwa madoido. Tunahuzunika kwa sababu ana jina.

Vivyo hivyo Tima. Anapofika duniani hajui kutofautisha "mimi" na "wewe". Kenichi anamfundisha kwa subira, wakiwa kule chini kwenye uchafu. Na anapoanguka kutoka mnarani mwishoni, analouliza ni yeye ni nani. Hili ni swali la kipaimara, wapendwa. Kila mwaka nawauliza vijana wangu swali hilo kwa maneno ya katekisimu. Jibu letu ni kwamba tuliitwa kwa jina siku ya ubatizo kabla hatujaweza kujitaja wenyewe. Filamu haina jibu hilo, na siilaumu kwa kutokuwa nalo. Inaliuliza swali kwa unyofu, na hiyo tayari ni sadaka.

Kwa hiyo hukumu yangu ni ipi? Kwa wazazi walionitaka niikemee: sitaikemea. Haina matusi, na ina mambo mengi mema kuliko tamthilia tunazotazama sebuleni wenyewe tukiwa tumewafukuza watoto wakalale. Ina bunduki na damu, hivyo wadogo wa Shule ya Jumapili wasubiri. Kwa vijana: itazameni, lakini msiridhike haraka. Uzuri wa picha ni kipawa cha Mungu, na mchoraji hodari ni kama Besaleli aliyejazwa ufundi kwa ajili ya hema ya kukutania. Ila mjifunze kuiuliza kila filamu, na kila hotuba ya mwanasiasa, na kila mahubiri, swali alilouliza mwenzenu. Ikikuonyesha mnara, uliza nani yuko chini yake. Ikikuonyesha ushindi, uliza nani hajatajwa jina.

Nina deni la jibu kwa kijana yule. Usiku ule nilimwambia tu, "Filamu haisemi, mwanangu," naye akaenda kusaidia kupanga mabenchi. Jumapili iliyofuata, tulipofika kwenye Imani ya Mitume, tukakiri kama kawaida kwamba Kristo alikufa, akazikwa, akashuka hata mahali pa wafu. Nimekiri maneno hayo tangu utoto. Jumapili ile nilisita, nikamtafuta kwa macho kati ya waumini. Baada ya ibada nilimwita pembeni. Nilimwambia kwamba hadithi yetu nayo ni ya zamani sana na kila mtu anajua mwisho wake, lakini shujaa wa hadithi yetu hakubaki juu kuangalia mnara ukianguka. Alishuka mpaka chini kabisa, na anawajua walioko huko kwa majina.

Aliniuliza kama na baba yake yumo. Nikamwuliza jina la baba yake. Akalitaja, na tangu Jumapili hiyo linasomwa katika maombi ya kanisa pamoja na majina ya wengine wote wa usharika wetu walioko machimboni. Orodha imekuwa ndefu kuliko nilivyodhani. Ibada inachelewa kwisha, na mzee mmoja wa kanisa, mmoja wa wale wawili waliokuja kutulinda usiku wa filamu, ndiye anayeisoma.